Sarafu Juu ya Mtutu

Tik. Kisha ting'. Ile tik ilikuwa ya bunduki tupu ya baba, na ile ting' ilikuwa ya sarafu ya shilingi mia ikianguka kwenye sakafu ya saruji. Mpaka leo nikisikia sarafu ikianguka dukani, moyo wangu unaruka kidogo. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa nyuma ya soko la Kalerwe, na mvua za msimu ule zilileta harufu ya matope na maganda ya ndizi mpaka kitandani. Kila jioni baba alifungua sanduku la chuma, akaikagua bunduki ya kazi mara mbili kuhakikisha haina kitu, maana risasi zote zilibaki ofisini kwao, kisha akalala kifudifudi kwenye mkeka. Mama aliweka sarafu juu ya mtutu. Baba alifyatua. Sarafu ikianguka, maana yake mkono umeshtuka. Nayo ilianguka, jamani, kila jioni!

Baba alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kazi yake ilikuwa kuongoza wageni wanaowinda huko mbugani. Mgeni akimjeruhi mnyama, kiongozi ndiye anayemalizia, ili yule kiumbe asiteseke. Mwezi ule baba alikosa shabaha mara mbili. Bosi wake akampa wiki tatu: apige risasi tatu kwenye karatasi, matundu yakae pamoja, la sivyo arudishe sare. Bila kazi ile tungerudi kijijini kaskazini, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupenda shule.

Aliyeleta neno "breki" ni Mjomba Opio, kaka yake mama, fundi wa kuchomelea mageti. "Shemeji, dawa yako ni breki," alisema akitafuna muhogo wetu. "Kadude kenye matundu, unakafunga kwenye mdomo wa bunduki. Moshi unatokea pembeni, teke la bunduki begani linapungua. Sasa hivi unafumba macho kama bibi harusi anayepigwa picha!"

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Breki niliyoijua ilikuwa ya bodaboda, na niliogopa kwamba risasi itasimama njiani, mnyama anaitazama tu.

"Na kelele?" mama aliuliza.

Mjomba alikohoa. "Kelele... inarudi kidogo kwa mpigaji."

Sikio la kushoto la baba lilifia jeshini. Mimi nilimwimbia nyimbo za shule kwenye la kulia.

"Limebaki moja, Opio," mama alisema. "Na hilo ni la mtoto."

Baba hakukasirika, alipima maneno hayo. Breki si uongo, alituambia. Kwenye bunduki yenye teke kali inakusaidia hata kuona risasi imepiga wapi. Lakini haiwezi kukaza kilicholegea. Basi akaanza na vilivyo karibu. Skrubu mbili za darubini ya bunduki zilikuwa zinacheza, akazikaza. Akasafisha mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaomba ofisini wampe risasi za aina moja, si mchanganyiko ule wa kuokota okota. Mama naye akakata soli za kandambili zake, akazishonea ndani ya kitambaa cha kuvalisha kitako cha bunduki, ili bega lipate mto. Kesho yake alienda sokoni na viatu vya kanisani, wenzake wakamwuliza nani anaoa.

Sarafu bado ilianguka. Mama, ambaye alikuwa muuza juisi, aliinama akautazama mkono wa baba kwenye kifyatulio kama anayekagua tunda. "Baba Akello," alimwita kwa jina langu, "unavuta."

"Jeshini walituambia vuta."

"Unavuta kama mbuzi aliyegoma. Kamua."

"Nikamue nini?"

Akampa nusu ya ndimu. "Pole pole. Mbegu ikiruka, umeshindwa."

Mbegu ya kwanza ilinipiga shavuni. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baba alikamua ndimu wiki nzima, vidole vyake vikanukia kama kibanda cha mama. Halafu, jioni moja, tik. Tukasubiri ting'. Haikuja. Sarafu ilikaa pale juu, imetulia kama imelala, na mama akajiziba mdomo kwa leso.

Siku ya jaribio alirudi na karatasi imekunjwa ndani ya shati. Matundu matatu, kizibo cha soda kingeyafunika yote. Nilimnong'oneza kwenye sikio la kulia, "Baba, umekamua?" Hakuniambia nirudie. "Nimekamua, mama yangu," alijibu.

Sasa nina miaka ishirini na mbili. Shule niliishia kidato cha nne, na napaka rangi mageti kwenye karakana ya Mjomba Opio, Kansanga. Wenzangu wananicheka nikivaa vifuniko vya masikio, lakini naota karakana yangu mwenyewe, yenye misumari ukutani na vifuniko vya kila mtu. Enzi zile tulikuwa na sikio moja, ndimu na kandambili. Leo simu yangu inaniuzia vifaa vipya kila saa, na sivikatai, vingine vizuri kweli. Ila kwanza naangalia ni nini kimelegea. Baba anakaa nyumbani siku hizi, na bado anasikia mvua kabla yangu.

Juzi asubuhi nilifika karakana kabla ya wote. Geti jeusi lilikuwa limeegemezwa ukutani likisubiri rangi. Nikachukua bunduki ya kupulizia rangi, nikatoa mfukoni ile sarafu ya enzi zile, niliyoitunza, nikaiweka juu yake. Nikavuta pumzi. Nikakamua. Rangi ikatoka laini, na sarafu ikakaa.