Mshindi Aliyeiacha Zamu Yake

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo Sanyuanli, hapa Guangzhou. Mizani ni moja, na wateja wawili walikuwa wanagombea kutangulia: mama wa Kirusi mwenye marobota ya makoti, na Mzanzibari mwenye jinzi zake alizonunua kwenye viwanda vya Xintang. Mzigo ambao ungechelewa kupimwa ungeikosa ndege ya jioni.

Yule mama akatoa sataranji ya kukunja mkobani. "Tucheze," akasema kwa Kiingereza cha sokoni. "Mshindi atangulie."

Mzanzibari akacheka, maana kwao barazani hana mpinzani. Akambana mama vizuri, kisha kwa pupa akahamisha farasi. Mama akasogeza malkia, mchezo ukaisha.

"Mama, lete mzigo!" akaita bosi wa Kichina.

Mama akampungia mkono asubiri. Alikuwa anarudisha kete mpaka pale farasi alipokuwa. "Hapa ulikuwa umeshanishinda," akamwambia Mzanzibari. "Tafuta."

"Mama, ndege itatuacha!" akasema Mzanzibari huku akiinuka.

"Kwetu hatuinuki mpaka wote wawili tulione kosa."

Mzanzibari akakaa tena. Sisi Waswahili tukimfunga mtu dama, mtaa mzima utatusikia, na kosa lake tunalificha ili kesho tumfunge tena. Huyu anamfundisha mpinzani jinsi ya kumpiga! Sasa naelewa kwa nini Warusi wanatisha kwenye mchezo huu.

Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nikapima mzigo wangu kwanza, na hakuna aliyeinua kichwa.