Mtoto Tuliyemfukua

Nilizaliwa Kibugu, kwenye majani chai na ukungu, nikaolewa huku kwenye joto la Embu ya chini, ambako mbuzi hula hata vijiti vikavu. Wakati huo, miaka ya tisini, nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na sikuweza kutulia. Nikikaa, miguu inanisumbua. Nikilala, naamka kuangalia kama mlango umefungwa. Ndiyo maana watafiti walipokuja kuchimba kilima kilicho nyuma ya shamba letu, wakitafuta mahali watu wa kale walipoyeyushia chuma, nilikuwa wa kwanza kuomba kazi.

Walinipa chekeche. Nilitikisa udongo kutwa nzima, nikibakiza vigae na mavi ya chuma, vile vipande vyeusi vizito vinavyobaki chuma kikishatolewa. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Nairobi. Tulimwita Daktari kwa ajili ya usomi wake.

Asubuhi moja nilibaki na kitu cheupe, chepesi. Nikadhani ni jino la mbuzi. Daktari alilitazama kiganjani mwangu.

"Keti kidogo, dada."

"Ni nini?"

"Ni jino la mtoto. Lilikuwa bado halijatoka kwenye ufizi."

Kufikia adhuhuri walikuwa wamemfunua. Alilala kiubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, mbavu nyembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mama mkwe alinisimamisha langoni na ndoo ya maji, nikanawa mpaka viwikoni.

"Umeshika mfu na tumbo hilo?"

"Sikujua, mama."

"Sasa unajua. Usirudi huko."

Jioni ile mtoto wangu akaacha kucheza tumboni. Nilikunywa chai yenye sukari nyingi, nikageuka ubavu huu na ule, lakini hakusogea. Kulipopambazuka mama mkwe alinikuta nikizunguka nyumba, mikono tumboni. Nilingoja anigombeze. Badala yake alijifunga leso, akasema, "Twende zahanati."

Muuguzi aliweka kile kipembe cha mbao tumboni mwangu, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Mama mkwe alikuwa ameshika pindo la nguo yangu.

"Huyu hapa," muuguzi akasema. "Moyo unakimbia vizuri. Alikuwa amelala tu."

Mama mkwe akacheka, kisha akalia.

Nilipaswa kwenda kupumzika. Lakini tulipofika kwenye njia panda, miguu yangu ilishika njia ya kilimani.

"Unaenda wapi tena?"

"Nataka kujua yule mtoto alikuwa nani."

Alinifuata akinung'unika. Alipofika ukingoni mwa shimo aliitazama mifupa na shanga ndogo zilizokuwa shingoni mwa yule mtoto.

"Sisi tuliambiwa watoto wa zamani hawakuzikwa," akamwambia Daktari. "Walipelekwa msituni, wakaachiwa fisi."

"Huyu alizikwa, mama."

"Kwa nini yeye?"

"Sijui. Huenda tusijue kamwe."

"Wangu wa kwanza alipelekwa msituni," akasema. "Ilikuwa kabla hatujaokoka. Baba yake alimbeba, mimi nikaambiwa nisiangalie."

Miaka yote ya ndoa yangu hakuna aliyewahi kuniambia kulikuwa na mtoto kabla ya mume wangu. Daktari akavua kofia.

Mifupa ilipelekwa Nairobi ndani ya sanduku lenye pamba. Mvua zilipoanza nilijifungua msichana, nikadhani sasa nitatulia. Wapi! Nikawa naamka kusikiliza kama anapumua. Kila gari lilipopanda kilimani, mama mkwe alitoka nje kuuliza, "Wamesema ni mtoto wa nani?"

Daktari alirudi mwaka uliofuata. Tulimpa kiti kivulini. Alisema meno yalionyesha kuwa yule mtoto aliteseka kwa njaa au ugonjwa mara kadhaa kabla ya kufa. Zaidi ya hapo hawakujua kitu.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaingia ndani alikolala binti yangu, akamwamsha anywe uji.