Meno Mapya ya Susu

Ninyi mliokulia pande za Masii miaka yetu mtanikumbusha nikisahau. Meno yetu yalikuwa na kazi. Muwa tuliumenya kwa meno, kifuniko cha soda ya Krismasi tulikifungua kwa meno, na uzi wa kushonea sare ya shule tuliukata kwa meno. Jino likilegea tulilifunga uzi na kulivuta, kisha tukalirusha juu ya mabati huku tukidai jipya kwa sauti kubwa. Maji ya kisima yalitutia madoa ya kahawia, na bado tulicheka midomo wazi. Siku hizi vijana wananunua muwa uliokwisha kumenywa na kukatwakatwa, halafu wanalalamika kwamba ni mgumu.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyetufundisha kula. Jioni tulipotoka kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, tulimkuta ameinamia sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakichemka na maharagwe, jikoni kumejaa moshi na harufu ya vitunguu. Tulikula sinia moja, yeye katikati yetu, akisimulia na kucheka. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za akina mama, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Kisha meno yake yakaanza kung'oka. Moja lilimuuma wiki nzima, jingine likafuata, mpaka juu pakabaki ufizi mtupu. Sisi watoto tuliona tu kwamba mashavu yameingia ndani. Hatukuelewa kwa nini sasa alizungumza akiziba mdomo kwa ncha ya leso. Jina langu, Syokau, lilimshinda kabisa, lilitoka upepo mtupu, basi akaanza kuniita "wewe mtoto". Kanisani akahamia benchi la nyuma. Halafu akaacha kula nasi. Alitupakulia, akachukua bakuli lake la uji na kwenda kukaa nyuma ya ghala, na ukimfuata alikurudisha. Mwili wake ukawa unaisha. Mama alimwambia Baba kwamba asipofanya jambo, tutamzika mtu ambaye si mgonjwa.

Baba alifanya kazi kiwandani Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Safari ile alimfuata Susu nyuma ya ghala, akaketi chini kando yake. Nilikuwa napepeta mahindi hapo karibu, nikamsikia Susu akisema, "Mwanangu, naona aibu kufungua mdomo mbele ya watoto niliowalea."

Jumatatu Baba hakurudi kazini. Alimpeleka Machakos mjini kwa fundi wa meno.

Susu alitusimulia baadaye jinsi alivyojazwa mdomoni kitu kizito kama uji uliolala, akaambiwa ang'ate na asitikisike, naye akaamini kwamba siku yake imefika. Walirudi huko mara kadhaa. Hatimaye alishuka barabarani akiwa amefunga meno yake kwenye kitambaa, maana alikataa kusafiri nayo mdomoni. Yalikuwa meupe kama vikombe vya wageni.

Kesho yake majirani wakaanza kufika. Wengine walivuka mto wakidai wamekuja kuomba moto. Mzee mmoja aliomba ayashike, akayageuzageuza, akauliza kama yanaota. Mama alichemsha chai siku nzima. Susu alimfungulia mdomo kila aliyeomba, na akina mama wakampigia vigelegele.

Lakini meno hayakumtii. Yalimchubua ufizi, yaliteleza akizungumza, na chakula hakikuwa na ladha yoyote. Alasiri moja aliyatoa, akayatumbukiza kwenye kikombe cha maji na kukisukuma mbali. Alisema, "Haya ni meno ya mgeni. Hayanijui."

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua kikombe, akayasuuza meno, akayarudisha mbele ya mama mkwe wake.

"Hata mimi nilipoletwa hapa hukunijua, Mama," alisema. "Ulinivumilia. Na haya yavumilie."

Susu alimtazama, kisha akacheka. Alicheka kwa ufizi mtupu, na hakuziba mdomo.

Akarudi mjini kupunguziwa pale palipomchubua. Tukipalilia, alitembea kwenye matuta akiita majina yetu, moja baada ya jingine, akiacha langu la mwisho kwa sababu ya ugumu wake. Lilikwama, likateleza, mpaka siku moja likatoka zima, nami nikaitika kutoka upande wa pili wa shamba. Jioni moja akavuta kigoda, akaketi kwenye sinia letu na kumega muthokoi. Sote tuliacha kula tukamwangalia akitafuna polepole, pande zote mbili.

"Kuleni," alisema. "Chakula kinapoa."

Mwaka huu mimi pia nimewekewa meno matatu ya bandia, ya kuvaa na kuvua. Jumapili iliyopita niliyapeleka mtaani Syokimau kwa mwanangu. Wajukuu walinisalimu, "Sasa, shosh," macho kwenye simu. Mezani nilicheka kuliko ilivyohitajika, nikatafuna kuku upande mpya, na hakuna aliyeuliza kitu. Baada ya chakula nilienda chumbani kujinyoosha, na simu yangu ikalia. Mwanangu, aliyekuwa sebuleni hatua chache kutoka kwangu, alikuwa ameniandikia, "Mum, meno yamekutoa poa," yaani yamenipendeza, na kijipicha cha kidole gumba mwishoni.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini nilikaa kitandani nikiwaza watu wa Masii walioacha majembe shambani, wakavuka mto, ili tu watazame mdomo wa mwanamke mmoja na kufurahi pamoja naye. Hawakuwa wametuzidi upendo, nadhani. Walikuja tu, basi.

Nikainuka, nikarudi sebuleni, nikaketi kando ya mwanangu na kumwomba aweke simu chini aniangalie. Akaiweka. Akaniangalia usoni kwa muda, halafu akaniuliza kama yanauma.