Uji wa Rangi Mbili

Shakila binti Mwinjuma alizaliwa na ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: kuuliza. Utotoni alimuuliza ustadhi wa madrasa mpaka akatolewa nje. Alipokuwa mgawa dawa kwenye zahanati ya kiwanda, wenzake walimpa jina la Shakila Ilikuwaje. Kiwanda kilipopunguza watu, miaka ile kila mtu alipokuwa anajifunza kutamka soko huria, naye akapunguzwa. Kuuliza kwake hakukupunguzwa.

Mzee Eustace, aliyetolewa naye siku moja, alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka la dawa Mkuyuni, na Shakila akawekwa nyuma ya kaunta. Zamani mtu alifika zahanati akaambiwa dawa hakuna. Sasa zilijaa rafuni, za kila rangi, kutoka nchi ambazo hata Eustace, anayejisifia jiografia, hakuwa na hakika ziko upande gani. Siku ya gulio watu walishuka kutoka milimani, wakauza ndizi, wakapita dukani na vyeti vyao vya zahanati. Shakila alieleza, wao wakaitikia "haya", wakaenda zao.

Bibi Veronika alikuwa mmoja wao. Alikuja na kikohozi kibaya cha kifua, akapewa vidonge vya rangi mbili, vile virefu vyenye nusu nyekundu na nusu nyeusi. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja. Aliyarudia maelezo mwenyewe bila kukosea. Gulio lililofuata akarudi anakohoa vilevile, bahasha ya dawa tupu. Zahanati wakamwandikia tena, akapewa tena. Aliporudi mara nyingine, mkungu wake wa ndizi ulikuwa umebebwa na jirani, na yeye alijikalisha kwenye benchi la duka akivuta pumzi kwa mabega.

"Dawa ni feki," Eustace alinong'ona, uso umemshuka. "Soko huria hilo. Tumeuziwa unga wa muhogo."

Huenda, maana mambo hayo yalisikika. Lakini Tomasi wa mashine ya kusaga alipewa dawa ya kopo hilohilo, na sasa alikuwa amerudi kwaya, tena anaimba kwa sauti kuliko inavyohitajika. Shakila akaanza kuwashwa na maswali.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "leo nimekuja kuwaaga. Nikipanda mlima leo sishuki tena. Nitalala kwangu nimngoje Mungu."

Shakila aliingiwa na hofu. Aliwahi kuona kifua cha namna ile kikimaliza mtu. Ila hata hofu yake ilikuja na swali.

"Bibi, ulimeza?"

"Nilimeza."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Majibu yote yalikuwa sahihi, na mtu anakufa. Shakila akamimina maji kikombeni, akaweka kidonge kimoja kwenye kiganja cha Bibi. "Basi usinieleze. Nionyeshe, kama vile uko nyumbani."

Bibi Veronika akakishika kwa ncha za vidole, akakizungusha taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyemenya ndizi maisha yake yote. Kikaachana vipande viwili. Maganda akayaweka pembeni kwenye benchi. Kisha, unga ukiwa kiganjani, akatazama huku na huku.

"Sufuria ya uji iko wapi?"

"Ya uji?"

"Kwangu tunakohoa wote, mimi, binti yangu na mjukuu. Namwagia humo, nakoroga, tunakunywa." Akamkazia Shakila macho, naye akiwa na swali lake. "Kwani ninyi watu wa dawa mnakula na ganda?"

Eustace alicheka. Shakila angeweza kumbusu bibi wa watu kwa furaha ya kujua. Akachukua kidonge kingine, akakitumbukiza kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, wakakiinamia wote watatu wakingoja. Ganda likalegea, likawa utelezi, likayeyuka. Bibi Veronika alikodoa macho, akaomba kijiti akoroge mwenyewe.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

"Sasa nimeze peke yangu?" Bibi aliuliza. "Mtoto anakohoa ananitazama, mimi nimeze?"

"Peke yako, Bibi. Ukiigawa haimponyi yeyote. Gulio lijalo anza na mtoto, mlete aonwe, apate ya kwake; mama yake atafuata."

Bibi hakuitikia "haya". Alichukua bahasha, na "haya" hiyo iliyokosekana ndiyo iliyompa Shakila matumaini. Safari hii Bibi alikuwa amesikia.

Siku ya gulio, Shakila alipanga na kupangua rafu moja asubuhi nzima, jicho liko barabarani. Jua lilipokuwa kali Bibi Veronika akatokea, bila ndizi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Pumzi yake ilikuwa imetulia. Akafungua khanga, akamkalisha mtoto juu ya kaunta. Mtoto alikohoa.

"Nimemeza zote, na maganda yake," Bibi akasema. "Lakini, mjukuu wangu, kila nikimeza nilikuwa nampa mtoto huyu mgongo. Kila mara. Siwezi tena. Twende aonwe."

Shakila akamwachia Eustace duka, akambeba mtoto, wakashika njia ya zahanati. Njia nzima hakuuliza kitu.