Mashine Iliyongoja Wageni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mvua ya kwanza ya mwaka ikigonga bati. Watu wa Kolwezi huifurahia mvua hiyo kwa kuwa inalaza vumbi la migodi. Mimi siifurahii. Kaa hapo nikueleze, na hiyo simu iweke kando, maana habari iliyomo ndani yake ndiyo iliyonikasirisha.

Nilistaafu pale maktaba ya chuo kikuu, lakini kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi hawajanitoa. Nadhani wamenisahau. Basi kila Ijumaa nasoma habari zenu: nani amejifungua, nani amefiwa, nani amepanda cheo, na mwisho kabisa, "Mradi wa kuingiza tasnifu za zamani kwenye kompyuta unaendelea vizuri." Halafu mnapigiana yale makofi ya njano. Juzi ulipokuja kunisalimu ukaniambia kwamba chumba cha kompyuta kimefungwa, viti bado vimevaa plastiki, ufunguo umepewa wewe, na mkuu amekukataza kugusa kitu mpaka wafadhili waje kuona. Ulisema kwa fahari, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa benki. Nilikumiminia chai nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Nilikuwa kijana kama wewe, mgeni kazini, tulipoletewa mashine ya fotokopi. Kampuni moja ya mgodi ilitupatia zawadi hiyo pamoja na viti vya kuizunguka. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Kazi ya mashine ilikuwa moja tu: kunakili tasnifu za wanafunzi zilizowekwa stoo. Kila alasiri baruti ilipolipuliwa mgodini, bati la stoo lilitikisika na misumari ikazidi kulegea. Hapakuwa na mtu pale asiyejua kwamba paa lile lingevuja.

Tasnifu yangu mwenyewe ilikuwa humo. Niliandika juu ya wazee walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na niliyemhoji kwa kirefu kuliko wote alikuwa baba yangu, Tata Kabeya, nyumbani kwetu Musonoi. Alinisimulia siku alipopanda treni akiwa kijana, chakula alichofungiwa na mama yake, na neno ambalo mama huyo alimwambia pale stesheni, maana hawakuonana tena. Kaseti niliyorekodia ilikuwa ya kuazima. Mwenye kaseti aliichukua akarekodi nyimbo za kwaya juu yake. Karatasi nazo zilikuwa adimu. Kwa hiyo maneno ya baba, kama alivyoyatamka, niliyapiga taipu mara moja tu, kwenye nakala ya maktaba. Sikuona hatari. Baba si alikuwepo? Ningemuuliza tena siku yoyote.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya ulimi. Akili ilibaki, macho yalibaki, neno halikutoka. Jioni alinigusa mkono, kisha akafungua viganja vyake viwili kama mtu aliyeshika kitabu. Alitaka nimsomee maneno yake. Alitaka wajukuu wakae mkekani wayasikie naye akiwepo. Na tasnifu, kwa sheria ya maktaba, haikuvuka mlango.

Nikaenda kwa mkuu wetu.

"Chefu, mi naomba tu nikopie karatasi za baba yangu. Mashini iko, karatasi iko."

"Ngoja mbele, mama," akanijibu. "Bageni ba kampuni balisema batakuja ku mwisho wa mwezi. Bakikuta mashini iko na vumbi, batasema nini? Kitu ya kuchunga haiozake."

Akiba haiozi, ndivyo alivyomaanisha, na mimi nikaitikia ndiyo chefu. Nililelewa kuheshimu wakubwa. Hakuna aliyeniambia wakati huo kwamba heshima si utumwa. Au labda niliambiwa, sikusikiliza.

Mwisho wa mwezi ukafika, wageni hawakufika. Wakaahidi mwezi wa pili, wakaahidi baada ya Pasaka. Kila Jumatatu asubuhi tulikusanyika, mkuu akatusomea habari za wafanyakazi: fulani kapata mapacha, tumchangie, fulani kafiwa, twende matanga, na mradi wa kunakili tasnifu unaendelea. Tukapiga makofi. Mwanangu, nilipiga makofi na mimi, na hata karatasi moja ilikuwa haijanakiliwa. Samahani, nakosea. Moja ilinakiliwa siku ya utepe, ili mgeni aone jinsi mashine inavyowaka taa. Ilikuwa ratiba ya sherehe yenyewe.

Alikuwepo mwenzangu mkubwa kwa umri, Tata Ramazani, mtu wa Maniema kwa asili. Ndiye aliyenifundisha kazi ya stoo. Siku moja mchana aliniona nimesimama mbele ya kile chumba, nachungulia dirishani.

"Ngalula, we uko na mukono ao hauna?"

"Niko nao, tata."

"Basi leta kalamu. Mi nasoma, we unaandika. Tutamaliza mbele ya mvua. Ngoja-ngoja inaumizaka tumbo."

Nikacheka. Niliona anaongea mambo ya zamani. "Tata, tuandike na mukono, na mashini iko pale?"

"Ile haiko mashini ya kazi, mwana. Iko ya kuonyesha. Na weye unaanza kufanana nayo."

Nilinuna. Nilimkwepa wiki nzima, mzee aliyenitakia mema, kwa sababu neno lake lilinigusa palipouma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilivunjika Jumatatu ya mvua ya kwanza.

Ilinyesha Jumapili kutwa. Tulipofungua stoo asubuhi, mabati mawili yalikuwa yamefunuka, na rafu za tasnifu zilikuwa zinachuruzika maji mekundu ya vumbi la mgodi. Ya kwangu niliitambua kwa jalada lake. Nilipoifungua, kurasa zilikuwa zimeshikana, na nilipojaribu kuzitenganisha zilitoka vipande vipande mkononi kama ugali mbichi. Wino ulikuwa umekimbia. Nilikaa chini kwenye maji, nikalia kwa sauti, wala sikuona haya.

Mkuu aliingia anahema. Hakuangalia rafu. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Na mashini?"

Mashine ilikuwa salama, mwanangu. Chumba chake kilikuwa kikavu, viti vimekaa katika plastiki yao, plastiki nzuri, nzito, ya kutosha kufunika stoo nzima. Hakuna aliyewaza kuivua tukafunika nayo vitabu. Hata mimi sikuwaza.

Wageni wakaja wiki iliyofuata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Mimi ndiye niliyebeba soda. Stoo ilifungwa kwa kufuli ili harufu ya uozo isitoke. Mgeni akagusa mashine, akasema inapendeza, haina hata mkwaruzo. Mkuu akasoma: mradi unaendelea. Makofi. Tata Ramazani peke yake hakupiga. Alikunja mikono kifuani akanitazama, bila kunicheka. Ningependa angenicheka.

Sasa nikuambie kilichonipata nyumbani. Jioni ile baba alinigusa mkono, akafungua viganja vyake. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikachukua kitabu kingine, nikajifanya nasoma, nikaanza kumsimulia treni yake kutoka kichwani mwangu. Nikafika kwenye chakula cha safari. Nikasema karanga. Baba akatikisa kichwa. Nikasema mahindi. Akatikisa kichwa. Nikafika stesheni, kwa mama yake, kwenye lile neno, nikasema neno lililonijia, neno zuri la kubuni. Baba aliniangalia muda mrefu. Kisha akafunga viganja vyake, taratibu, akageukia ukuta.

Hakuvifungua tena mpaka tulipomzika. Neno la bibi yangu mimi silijui, watoto wangu hawalijui, na wewe hutalijua. Hilo ndilo jambo ambalo sikumsamehe mkuu yule, naye alikufa akiagwa kwa hotuba nzuri. Nami nafsi yangu naisamehe siku moja, naikasirikia siku mbili.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiniletee la chefu amesema. Chombo cha kazi hakichakai kwa kazi. Kinachakaa kwa kungojewa. Ukiambiwa ngoja, uliza: nikingoja, nani anaoza? Mashine ikizuiliwa, una mkono. Anza nao leo. Wala usipige makofi kwa mradi ambao hujauona kwa macho yako, maana makofi yenu ndiyo yanayowapa wakubwa usingizi. Kama ukigombezwa, gombezwa. Nimegombezwa mara nyingi baada ya hapo, wala sikufa. Mkubwa akikasirika leo, kesho atapoa. Karatasi iliyooza haina kesho.

Nenda, mwanangu, na ufunguo wako. Mungu akupe kifua cha kusema hapana, na akupe jicho la kuona paa kabla ya mvua. Wageni wakija, wakukute mikono imechafuka na mashine ina joto. Wakiuliza kwa nini viti vimechakaa, uwe na jibu ambalo mimi sikuwa nalo: vimekaliwa.