Vigelegele vya Teodora

Mayala ni fundi wa kuchomelea mageti karibu na stendi ya Nyegezi, na Jumapili ni mpiga dramu wa kwaya. Dramu zenyewe ni za umeme, za zamani, na fremu iliyozibeba aliiunda mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kwenye geti la mtu. Wanakwaya humtania kwamba hata kanisa likianguka, ile fremu itabaki imesimama.

Kilichochoka si fremu. Raba za kupigia zilikuwa zimekakamaa kama ndala iliyosahaulika juani, na boksi la sauti, lile linalogeuza pigo kuwa mlio, lilikuwa limeanza ukaidi: unagonga mara moja, linalia mara mbili. Kwaya ikaamua raba zitolewe, ziwekwe nyuso laini za wavu, boksi linunuliwe jipya, na la zamani lipelekwe kigango kimoja cha Misungwi, kanisa dogo lisilo na vyombo. Mayala alikubali kwa sharti moja tu: vigelegele vya Teodora vihamie kwenye boksi jipya.

Hakuna aliyepinga. Teodora alikuwa mkewe, na kwa vigelegele hapa kanisani hakuwa na mpinzani. Zamani, boksi lilipokuwa jipya, Mayala alimrekodi baada ya mazoezi, sauti ikawekwa kwenye kiraba kidogo cha pembeni. Alipofariki, Mayala aliendelea kukigonga kila wimbo wa shukrani ulipopamba moto, na akina mama waliitikia kana kwamba mwenzao yupo palepale mstari wa mbele.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata binti yao Queen. Siku ile ya kurekodi alichelewa kubonyeza kitufe cha kuzima. Baada ya vigelegele Teodora alicheka kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Inatosha, baba Queen. Twende nyumbani." Kwenye spika maneno hayo yalimezwa na kwaya. Kwenye hedifoni yalisikika vizuri. Ndiyo maana kila baada ya misa Mayala alibaki nyuma, akavaa hedifoni, akagonga kile kiraba, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akainuka na kwenda zake. Watu walidhani anakagua vyombo. Mtu mzima kama yeye angemwambia nani kwamba asipoambiwa "Twende", nyumbani hakuendeki?

Kazi ya kuhamisha sauti alipewa Revocatus, kijana wa mitambo ya kanisa, mwepesi wa kazi na mwenye moyo mzuri. Jumapili asubuhi alimkuta Mayala akivizungukazunguka vyombo vipya.

"Shikamoo, mzee Mayala."

"Marahaba. Mama Queen umemhamisha?"

"Yupo, tena safi kuliko mwanzo. Mwishoni kulikuwa na makelele kama ya mtu anaongea, nimeyakata."

Mayala aliuliza boksi la zamani liko wapi.

"Limeondoka jana na watu wa Misungwi. Nimelifuta lote kwanza, mzee. Si vizuri kumkabidhi mtu chombo kina mambo yetu ndani."

Ndivyo tulivyolelewa wote. Hata sufuria ya kumpa jirani unaisugua kwanza. Mayala angemlaumu kwa lipi, na siri ilikuwa yake peke yake? "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, akakaa kwenye kiti cha dramu.

Katika misa vigelegele vilitoka vikali, akina mama wakaitikia, wengine wakicheza hadi altareni. Mayala alipiga bila kukosea. Moyo ulikuwa umevunjika, ila mikono iliijua kazi yake.

Kanisa lilipobaki tupu alivaa hedifoni, akagonga. Vigelegele, kisha kimya. Akaongeza sauti hadi mwisho, akagonga tena. Kimya. Revocatus, aliyekuwa anasubiri mlangoni na funguo, alimwona mzee ameinamia wavu mpya, analia wazi bila kujificha.

"Mzee Mayala, kuna kitu hakijakaa sawa nirekebishe?"

"Vyote viko sawa," alijibu, lakini hakuinuka.