Wasifu Uliosomwa Mara Mbili

Nimesikia zaidi ya mara moja, na kila mara kwa kinywa cha mtu ambaye hakuwapo, kwamba yule Mwingereza mpiga dramu alifukuzwa katika hoteli ya Guangzhou kwa sababu ya ulevi. Si kweli. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa katibu wa umoja wetu wa Waafrika Mashariki katika mji ule, na sikuutumikia umma hadi kustaafu ili nije kuuvumilia uzushi wa barazani.

Nilifika huko kumfuata binti yangu, aliyekuwa akinunua nguo za jumla mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzisafirisha Dar es Salaam. Alidai kwamba ananihitaji nisimamie mizigo. Nadhani alihofu kwamba nikibaki nyumbani peke yangu nitawagombeza majirani hadi wahame. Mji wenyewe haukumruhusu mtu kutulia. Duka ulilolizoea leo, kesho lilikuwa kifusi, na muda si mrefu kiunzi cha mianzi kilikuwa kimelizunguka ghorofa jipya. Nilishindwa kukaa, nikashindwa kusoma. Nilikuwa nikitembea barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenda na kurudi, kama askari wa lindo asiyeambiwa analinda nini.

Mwingereza huyo alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mchana alifanya mazoezi kwa kupiga vijiti juu ya kipande cha mpira, na mlio wake ulinitoboa kichwa. Nikavaa koti, nikaenda kulalamika rasmi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba radhi, akanimiminia chai. Tangu siku hiyo nikawa naenda kulalamika kila alasiri.

Tulizungumza Kiingereza; hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili. Alizaliwa katika mji wa viwanda vya nguo, kaskazini mwa Uingereza, na baba yake alipiga ngoma kubwa katika bendi ya matarumbeta ya kiwandani. Yeye aliacha kazi ya kupakia fanicha akajiunga na vijana wenzake watatu katika bendi ya roki. Wakarekodi santuri yao ya kwanza, na dramu zote zinazosikika humo alizipiga yeye. Kabla haijatoka, wenzake walimwita mgahawani, wakamnunulia chakula, kisha wakamwarifu kwamba amepatikana mpigaji mwingine, mwenye sura ya kupendeza zaidi. Picha na jina la huyo mwingine ndivyo vilivyowekwa kwenye jalada. Santuri ikavuma, bendi ikazunguka dunia. Yeye akapiga dramu katika meli za watalii, katika kumbi za harusi na katika hoteli za bandari moja baada ya nyingine, mpaka akatua Guangzhou, akaajiriwa katika hoteli ile.

Mlangoni mwa hoteli ile palibandikwa tangazo kubwa lenye picha ya bendi yake ya zamani, huyo mwenye sura nzuri akiwa nyuma ya dramu, na maelezo kwamba mpigaji wetu ndiye aliyejaza viwanja vya mpira ulimwenguni kote. Yaani alisifiwa kwa ziara ambazo hakwenda, na santuri aliyoipiga haikutajwa! Aliyelibuni ni mwenye hoteli, laoban, kama sote tulivyowaita matajiri wa huko.

"Kwa nini unakubali?" nilimuuliza.

"Kibali changu cha kuishi hapa kinatokana na kazi hii. Halafu watu wanakuja kunywa, hawaji kusoma."

Ikafika sherehe ya kuwaaga wanafunzi wetu waliohitimu, katika ukumbi wa hoteli hiyohiyo. Mwenyekiti wetu, mama wa Mombasa aliyenunua vifaa vya shule mtaa wa Yide Lu na kukisema Kichina cha sokoni bila woga, alipendekeza mpiga dramu awe mgeni rasmi. Kwetu mgeni rasmi husimama, wasifu wake ukasomwa, ndipo akaketi. Mwenyekiti aliunakili wasifu kutoka kwenye tangazo. Nami nikaandika wangu, kwa yale aliyonisimulia mwenyewe.

"Mwenyekiti, huu wako ni uongo mtupu."

"Katibu, mwenyewe yuwalala nao usiku kucha akikoroma, wewe ndiwe wakukosesha usingizi?"

"Wasifu si tangazo la sabuni."

"Haya. Na laoban akiusikia wako, mzungu wa watu akamwagiwa unga wake, utamwajiri wewe? Apige dramu juu ya marobota ya binti yako?"

Nilimpelekea mpiga dramu mwenyewe shauri hilo. Akajibu kwamba mkataba wake mpya ulikuwa haujatiwa saini, kwa hiyo mama asome wake. Maisha yalikuwa yake; nikaukunja wangu, nikautia mfukoni mwa koti.

Mwenyekiti alisoma kwa Kiswahili, akatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni, na kwa Kichina kwa ajili ya laoban aliyeketi meza ya mbele. Alipofika kwenye viwanja vya mpira, ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. "Kiboko yao!" wanafunzi walipaza sauti. Mgeni rasmi alikuwa amesimama, vidole vikipigapiga paja. Ghafla vikatulia. Baadaye alinieleza kwamba lile tangazo alizoea kulipita akitazama pembeni, lakini hakuwahi kusimamishwa wima mbele za watu, akasomewa maisha ya mwingine kuwa yake, nao wakamshangilia. Alihisi anazikwa katika kaburi la mtu.

Akainua mkono. "Katibu, soma ule wako."

Nikasoma. Nilipofika mgahawani, mwanafunzi mmoja wa Nairobi hakujizuia: "Ai, huo si ungwana! Angalau walimwacha amalize kula?"

Nikamtafsiria mgeni rasmi. "Nilimaliza," akajibu, "halafu nikaagiza tena, kwa hesabu yao."

Ukumbi ukacheka. Laoban, naye akitabasamu, akamwuliza mwenyekiti kinachochekesha. Mama akamtazama mpiga dramu. Huyo akaitikia kwa kichwa. Ndipo mama akamweleza laoban yote, bila kupunguza, na hilo namhesabia kwa heshima.

Laoban hakukasirika. Alisema hadithi ni nzuri, lakini tangazo litabaki, wateja wanalipenda. Mpiga dramu akasema hataketi tena chini ya picha ile. Ama liandikwe upya, ama watafute mwingine. "Meibanfa," laoban akajibu, hakuna la kufanya, na akaendelea kula. Glasi ya mgeni rasmi ilikuwa na soda ya machungwa. Niliimimina mimi.

Mkataba haukusainiwa. Nilimsindikiza kupanda treni ya Hong Kong, tukisukumwa huku na huku na watu wenye mabegi makubwa kuliko miili yao.

"Huko utawaambiaje?" nilimuuliza.

"Kwamba dramu za santuri ile ni zangu. Nao wataangalia jalada, waone sura ya mwingine, waniite mwongo."

"Basi umetoka kwa wanaokusingizia sifa, unakwenda kwa wasiokuamini."

"Kusingiziwa nimeshajaribu," alisema, akainua begi la vijiti vyake na kuingia.